Chachu iliyovunwa kutoka bia ya nyumbani: ihifadhiweje, na itumike tena mara ngapi?

kimea_tengeru (Arusha)

Habari zenu, ndugu zangu.

Ninapika bia nyumbani, Tengeru, nje kidogo ya mji wa Arusha, lita 20 kwa kila mpiko, na huu ni mwaka wangu wa tatu. Kinachonisumbua kuliko kimea na hopsi (maua yanayoipa bia uchungu) ni chachu. Pakiti ya chachu kavu ya SafAle US-05 yenye gramu 11.5 siipati dukani. Husubiri mtu anayesafiri aniletee, na hata ikifika sijui imekaa kwenye joto kwa siku ngapi njiani. Kwa sababu hiyo niliamua kuvuna chachu yangu mwenyewe kutoka katika bia niliyokuwa nimemaliza.

Bia yenyewe ilikuwa nyepesi ya rangi ya dhahabu, yenye hopsi za wastani. Togwa yake ilianza na kipimo cha 1.048, yaani uzito wake ukilinganishwa na maji, ikaishia 1.010 baada ya siku kumi. (Ninaposema togwa nina maana ya ile supu tamu ya kimea iliyokwisha kuchemshwa na hopsi, kabla haijatiwa chachu.) Nilipomaliza kujaza chupa niliacha bia kidogo chini ya ndoo, nikaizungusha mpaka mashapo yakawa kama uji, nikaugawa uji huo katika chupa tatu za jamu nilizokuwa nimezichemsha kwa dakika 20. Zimekaa kwenye jokofu wiki saba sasa. Kila chupa imejitenga matabaka matatu: juu bia ya rangi ya chai ya rangi, katikati tabaka nene lililofanana na samli iliyoganda, na chini kabisa mashapo ya kahawia yenye vipande vya hopsi.

Naomba msaada katika mambo haya. Je, chachu ya wiki saba bado inafaa, ikizingatiwa kwamba katika muda huo umeme ulikatika mara mbili, mara moja kwa zaidi ya saa 14? Je, ni lazima niioshe kwa maji yaliyochemshwa, kama nilivyoona wengi wakielekeza? Na nikifanikiwa, niirudie mara ngapi kabla ya kuanza na pakiti mpya? Kuna jambo jingine linalonitia wasiwasi: chupa ya tatu, ambayo niliijaza mwisho nikikwangua ndoo kwa mwiko wa mbao, inanukia karafuu, ilhali zile mbili za kwanza zinanukia mkate na bia tu. Mama mkwe wangu hupika mbege, ile pombe ya ndizi na ulezi, katika ua huo huo, na mwiko ule hutumika kote kuwili.

mtungi_wa_ngong (Nairobi)

Kaka, karibu sana, na hongera kwa kuthubutu.

Nianze na wiki saba. Chachu iliyo baridi haifi kwa mkupuo. Huishi kwa akiba ya glaikojeni iliyojiwekea wakati wa kuchachua, akiba hiyo hupungua siku hadi siku, na ikiisha, seli moja moja huanza kufa na kupasuka. Mimi huhesabu kwamba karibu robo ya seli hupotea kila mwezi hata jokofu likiwa zuri. Na wewe umekatikiwa umeme mara mbili, kwa hiyo chukulia kwamba nusu imekwenda. Nusu iliyobaki si haba, lakini usiimimine moja kwa moja katika lita 20.

Sababu yake iko kwenye hesabu. Kipimo kinachotumiwa sana kwa bia za aina yako ni seli 750,000 kwa kila mililita ya togwa kwa kila digrii ya Plato, ambayo ni kipimo cha sukari iliyomo kwenye togwa. Kipimo cha 1.048 ni karibu digrii 12, kwa hiyo lita 20 zinahitaji seli zipatazo bilioni 180. Uji wa chachu ulioshuka vizuri, ukiwa na mashapo kidogo ndani yake, huwa na takriban seli bilioni moja kwa mililita. Ungekuwa umeuvuna juzi, mililita 180 hadi 200 zingetosha kabisa. Kwa chachu iliyokufa nusu ungelazimika kutia mara mbili ya hapo, na pamoja na seli hai ungekuwa unatia mzoga wa seli zilizokufa, ambao huipa bia ladha ya mchuzi wa nyama uliolala.

Kwa hiyo tengeneza kianzio, yaani togwa kidogo ya kuamshia na kuzidishia chachu. Chukua lita moja ya maji na gramu 100 za kimea cha unga, chemsha kwa dakika 15, ipoze mpaka nyuzi 20 au 22, kisha utie mililita 60 hadi 80 za lile tabaka la katikati. Funika mdomo kwa karatasi ya foili bila kuikaza, na kila upitapo utikise chombo ili hewa iingie. Ikiwa chachu ni hai utaona povu ndani ya saa 12, au hata mapema zaidi. Ikipita siku mbili kimya, usipoteze kimea chako juu yake.

Kuhusu kifuniko naomba unisikilize kwa makini. Mwaka wangu wa kwanza nilikaza kifuniko cha chupa ya chachu nikidhani naikinga na uchafu. Chachu hiyo ilikuwa haijamaliza kabisa sukari, ikaendelea kutoa gesi taratibu hata kwenye baridi, na usiku wa tatu chupa ikapasuka ndani ya jokofu. Vipande vya kioo vilifika kwenye maziwa ya watoto na kwenye mboga zilizokuwa zimefunikwa kwa sahani. Tulitupa kila kitu kilichokuwa wazi. Tangu siku hiyo kifuniko huwa nakizungusha mpaka kinapogusa, kisha nakirudisha nyuma robo mzunguko. Na chupa haijai kupita theluthi mbili.

Kuosha kwa maji mimi hufanya. Nachemsha maji dakika 15, nayapoza yakiwa yamefunikwa, namimina juu ya uji, natikisa, nasubiri dakika 20 mashapo mazito yatangulie kushuka, kisha nakinga kile kioevu cha rangi ya maziwa kilichobaki juu. Chachu hutoka nyeupe safi na hupendeza macho.

dada_wa_hadubini (Ujerumani)

Nawasalimu wote. Ninafanya kazi katika maabara ya kiwanda kidogo cha bia kusini mwa Ujerumani, na kuhesabu chachu ndiyo kazi yangu ya kila asubuhi. Nakubaliana na ndugu wa Nairobi katika habari ya kianzio na ya kifuniko, na ninaomba kila anayesoma aichukulie habari ya kifuniko kwa uzito wote. Ila kuhusu kuosha kwa maji naomba kutofautiana naye, kwa sababu hapo ndipo wapishi wengi wa nyumbani wanapoiharibu chachu iliyokuwa salama.

Bia iliyo juu ya chachu yako ina walinzi watatu. Wa kwanza ni uchachu wake, kwa kuwa pH ya bia huwa kati ya 4 na 4.5, hali ambayo bakteria wengi hawaipendi. Wa pili ni kileo chenyewe. Wa tatu ni asidi za hopsi, ambazo huwazuia hasa wale bakteria wanaogandisha maziwa. Unapoimwaga bia hiyo ukaweka maji, umewafukuza walinzi wote watatu kwa mkono wako na kuiacha chachu katika kioevu kisicho na uchachu, kileo wala hopsi. Na kwa kuwa umemimina kutoka chombo hadi chombo mara tatu au nne, kila mmimino umekaribisha vumbi la jikoni. Weupe unaoupata ni wa kupendeza macho kweli, lakini maji yameondoa mashapo tu, hayakuondoa bakteria. Viwandani wapo wanaoosha kwa asidi ya fosforiki, wakishusha pH mpaka karibu 2.2 kwenye baridi kali kwa muda usiozidi saa mbili, na hata hiyo huua bakteria lakini haiui chachu za mwituni. Kwa mtu wa nyumbani ushauri wangu ni mfupi: iache chachu chini ya bia yake. Mashapo kidogo hayana neno.

Sasa niende kwenye ile chupa ya tatu, kwa sababu pua yako, ndugu yangu wa Tengeru, imefanya kazi ya maabara. US-05 ni chachu isiyo na uwezo wa kutengeneza fenoli ya karafuu. Chachu za bia ya ngano za huku Bavaria zinao uwezo huo, na kwa bia hizo watu huudai. Bia ya ngano isiyonukia karafuu na ndizi mbivu huku haihesabiwi kuwa bia ya ngano. Lakini chupa yenye US-05 peke yake haiwezi kunukia karafuu hata ikikaa mwaka. Ikinukia hivyo, kuna mgeni ndani, na mgeni huyo karibu hakika ni chachu ya mwituni iliyopanda kwenye mwiko. Mti una vinyweleo, na hakuna dawa ya kutakasia inayofika ndani yake.

Mbege haina kosa lolote hapa. Mbege inanyweka ndani ya siku chache ikiwa bado inachemka, na mchanganyiko wa viumbe walioko kwenye ndizi, kwenye ulezi na kwenye vyombo ndio unaoifanya iwe mbege. Bia yako inafungwa kwenye chupa na kukaa wiki nyingi. Baadhi ya chachu za mwituni huweza kula zile sukari ndefu ambazo chachu yako huziacha, kwa hiyo huendelea kutoa gesi ndani ya chupa iliyofungwa mpaka chupa inalipuka. Mwaga chupa ya tatu, chemsha kioo chake, na mwiko umwachie mama mkwe. Wewe nunua wa chuma cha pua.

Tatizo hili ni la zamani. Katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, Emil Christian Hansen alionyesha kwamba bia iliyoharibika ladha mara nyingi haikuwa imeingiliwa na bakteria, bali na chachu nyingine iliyochanganyika na ile njema. Na mwaka 1883 akafaulu kukuza chachu kutokana na seli moja tu, ikatumika kupikia bia kiwandani. Nalitaja hilo kwa sababu watu wengi hutafuta uchafu unaoonekana, kama ukungu au utando, na wasipouona husema chachu ni safi. Chachu mgeni inafanana na mwenyeji. Hata mimi kwenye hadubini siwezi kuzitenganisha kwa kutazama tu. Harufu ya kianzio na kipimo cha mwisho cha bia huniambia zaidi.

Uhai wake ndio ninaouona kwa macho. Tunatia tone la methilini buluu kwenye chachu iliyozimuliwa. Seli hai huigeuza rangi hiyo na kubaki nyeupe, zilizokufa hubaki na rangi ya buluu. Hapa kwetu chachu iliyoshuka chini ya 90 kwa 100 hatuitii kwenye pipa. Wewe huna hadubini, basi kianzio ndicho hadubini yako.

Kuhusu mara ngapi: viwanda vingi huishia kati ya mara tano na kumi. Nyumbani ningekwambia nne au tano, na si kwa sababu chachu inazeeka kwa hesabu ya mipiko. Ni kwa sababu kila uvunaji hukusanya wageni kidogo kidogo. Chagua pia bia ya kuvunia. Usivune kwenye bia iliyoanza juu sana ya 1.065, maana chachu hutoka humo imechoka na kileo, wala kwenye bia iliyotiwa hopsi nyingi bila kuzichemsha, kwa kuwa utomvu wa hopsi huzigandama seli. Anza na nyepesi uende kwenye nzito, na anza na ya dhahabu uende kwenye nyeusi. Kinyume chake utaibeba rangi na uchungu hadi kwenye mpiko unaofuata.

Kuna kitu kimoja ambacho wanaotoka kwenye chachu ya pakiti husahau. Chachu kavu hutoka kiwandani ikiwa na akiba ya steroli, aina ya mafuta, ya kutosha kujengea utando wa seli mpya. Chachu uliyoivuna imekwisha kuitumia akiba hiyo, na haiwezi kujitengenezea nyingine bila oksijeni. Kwa hiyo togwa yako ikishapoa, itikise au imimine kwa kishindo kabla ya kutia chachu ya kuvuna.

mzee_wa_kaskazi (Mombasa)

Vijana wangu, nimesoma yote kwa furaha. Mimi nina umri wa kustaafu na ninapika Mombasa, ambako jokofu likizimika saa 14 chachu huwa imepata joto la mchana mzima. Nilipoteza mavuno mengi kwa njia hiyo mpaka nikaacha kutegemea ubaridi na kuanza kukausha.

Chachu ninayotumia ni kveik, ya magharibi mwa Norway. Kwao jina hilo ni chachu tu, kama sisi tunavyosema hamira. Wapishi wa mashambani huko waliihifadhi kwa vizazi vingi bila jokofu: wengine walichovya pete ya mbao iliyochongwa ndani ya povu la bia kisha wakaitundika ikauke, wengine walitumia nguo au kishada cha nyasi kavu. Chachu ile imezoea kukauka na imezoea joto. Aina ya Voss huchachua vizuri kwenye nyuzi 30 hadi 40, nayo bia haitoi ule ukali wa pombe mbichi ambao chachu nyingine hutoa zikipata joto. Kwa mtu wa pwani hilo ni jambo la kushukuru, kwa sababu chumba changu hakishuki chini ya nyuzi 27 kwa miezi mingi ya mwaka.

Ninavyofanya ni hivi. Navuna uji mzito, naimwaga bia yote ya juu, kisha naupaka juu ya karatasi ya kuokea kwa unene wa ukucha, usizidi. Naweka sinia mbele ya feni, chini ya kitambaa chepesi kilichopigwa pasi kwa moto mkali. Ukianza asubuhi, jioni uji umekuwa ngozi inayonata. Siku ya pili umepasuka pasuka kama udongo wa kinamasi kilichokauka, na ukiugusa unavunjika kwa mlio. Nauponda, nautia kwenye mfuko wa plastiki, natoa hewa, naweka friza. Umeme ukikatika, chachu kavu haijali sana. Kijiko kimoja kikubwa hunitosha kwa lita 20. Wakati wa masika hewa ya huku ina unyevu mwingi na uji hukaa siku tatu bila kukauka, ukianza kunukia siki. Kwa hiyo nakausha kipindi cha kaskazi, wakati upepo ni mkavu, ndipo natengeneza akiba ya mwaka.

Mwanangu wa Tengeru, usijaribu hivi na US-05 ukitarajia matokeo yale yale. Viwandani hukaushwa kwa mitambo inayodhibiti joto na kasi ya upepo. Nyumbani seli zake nyingi hufa. Na chachu mbichi, isiyokaushwa, usiigandishe kwenye friza hivi hivi, maana barafu huzitoboa seli. Hiyo huhitaji gliserini.

kimea_tengeru (Arusha)

Shikamoo mzee wangu, na asanteni sana kaka na dada.

Nimefanya kama mlivyoelekeza. Chupa ya tatu nilimwaga siku ile ile. Zile mbili nilizitengenezea vianzio viwili tofauti, kila kimoja nusu lita, ili moja ikiwa mbaya isiharibu nyingine. Cha kwanza kilianza kuweka povu baada ya saa tisa, na kesho yake kilinukia mkate ulioiva na tufaha kidogo. Cha pili kilichelewa mpaka saa 26, kikatoa povu jembamba lenye harufu ya mpira, nacho nimekiacha. Naona sababu: chupa hiyo ilikaa kwenye mlango wa jokofu, ile nyingine ilikuwa chini kabisa nyuma, mahali ambapo maziwa huganda.

Kianzio kilicho hai nimekiongeza mpaka lita moja na nusu, nikakitia jana jioni katika togwa ya 1.046 niliyoitikisa mpaka mikono ikauma. Leo asubuhi kizibo cha hewa kinatoa mapovu mfululizo. Swali moja limebaki: nivune tena kutoka ndoo hii, au chachu iliyopita njaa ya wiki saba isiendelezwe?

dada_wa_hadubini (Ujerumani)

Vuna, ndugu yangu. Sehemu kubwa ya seli zitakazokuwa chini ya ndoo hiyo zitakuwa zimezaliwa wiki hii, hazikuipitia njaa ile. Ila angalia mambo mawili kabla hujajaza chupa ya jamu: kipimo kisishuke chini ya 1.008, kwa sababu kikishuka sana kuliko mpiko wa kwanza huenda mgeni wa karafuu alifika na kwenye chupa hiyo pia. Na onja bia ikiwa na joto la chumba, kwani ubaridi huificha fenoli. Ukiridhika, andika tarehe na namba ya mvuno juu ya kifuniko, weka chini kabisa nyuma, na jitahidi upike tena ndani ya wiki mbili. Ndani ya muda huo hutahitaji hata kianzio. Mililita 200 za uji zitatosha.